Kibodi za Udongo

Hapo zamani. Wewe, usinitazame hivyo! Sisemi zamani ya mazimwi. Nasema zamani ya juzi, nyote mlikuwa mmeshazaliwa, na wengine mlikuwa mnajua kudokoa nyama jikoni. Endeleeni kupukuchua mahindi, mikono ifanye yake na masikio yafanye yake. Na atakayenikatiza nitaanza upya, tukeshe hapa.

Hapo zamani, juu kwenye milima ya Uluguru, palikuwa na kijiji kiitwacho Lukundi. Gari halifiki. Pikipiki inafika nusu ya njia, nusu iliyobaki unaisukuma mwenyewe. Watu wa Lukundi walijivunia kitu kimoja kuliko vyote: sanduku la akina mama la kuweka na kukopa. Sanduku lile lilikuwa na makufuli matatu, na funguo zake tatu zilikaa kwa watu watatu, nyumba tatu mbalimbali. Halifunguki mpaka wote watatu wakutane. Miaka tisa, hakijapotea kitu. Basi Lukundi wakaamini kwamba kitu chochote cha thamani dawa yake ni makufuli matatu.

Siku moja wageni wakaleta kompyuta shuleni, pamoja na umeme wake wa jua. Kompyuta moja, watoto mia mbili. Vigelegele vikapigwa, ngoma ikachezwa. Kompyuta ikawekwa juu ya meza, watu wazima tu wakapanga foleni, na kila mmoja akaruhusiwa kuigusa mara moja tu.

Kwenye foleni ile alikuwepo mfinyanzi wa kijiji, Sikudhani Mbena. Zamu yake ilipofika akaweka kidole mwanzo wa kibodi, akakiburuza polepole, mstari hadi mstari, kitufe hadi kitufe, mpaka mwisho.

"We Sikudhani! Tumesema mara moja!" alifoka Mama Fidea, mwenyekiti wa akina mama.

"Sijainua kidole," alijibu Sikudhani. "Bado ni mara moja."

Wageni walipoondoka, kikao kikakaa. Mali hii tutaitunzaje? Mama Fidea akashangaa kwamba mtu anaweza hata kuuliza. Sanduku! Makufuli matatu! Fundi akachonga sanduku la mninga, kompyuta ikaingizwa ndani imefunikwa kitenge kipya. Ufunguo wa kwanza akapewa mwalimu mkuu. Wa pili akapewa Mama Fidea. Wa tatu akapewa Mzee Lukwele, kwa sababu Mzee Lukwele hajapata kupoteza kitu maishani mwake, hata kofia.

Na hakuupoteza, jamani. Aliufunga kamba akauvaa shingoni. Kisha msimu wa mpunga ukaingia, na Mzee Lukwele, kama kawaida yake ya kila mwaka, akateremka bondeni kulima. Akateremka na ufunguo wake shingoni.

Mwalimu mkuu anakuja: kufuli la kwanza, ta! Mama Fidea anakuja: kufuli la pili, ta! Kufuli la tatu, kimya. Watoto wanatazama sanduku, sanduku linawatazama watoto. Wakamtumia Mzee Lukwele ujumbe. Naye akajibu: "Ufunguo nilikabidhiwa mbele ya kikao, siwezi kumpa mtu tu njiani. Mpunga ukivunwa nitakuja." Kuvunja kufuli? Thubutu! Lukundi hawajawahi kuvunja kufuli lao wenyewe, na hawakuwa tayari kuanza na la kompyuta.

Hapo ndipo ilipokuja barua kutoka mjini. Mwenyekiti wa kijiji akaisoma mbele ya watu. Kutakuwa na mashindano ya kompyuta ya shule za milimani na za bondeni, baada ya miezi minne. Kila shule itoe mwanafunzi mmoja. Shule itakayoshinda itapewa kompyuta kumi. Na tena, mtu mmoja wa kijiji kile, awe mtoto awe mtu mzima, atasomeshwa masomo yoyote anayoyataka mpaka amalize. Mmoja tu, na wanakijiji wenyewe ndio watakaomchagua.

Watu watatu waliposikia maneno yale, mioyo iliwaruka.

Wa kwanza ni huyo Sikudhani. Sikudhani hakuwahi kukanyaga darasa. Karatasi zote za maisha yake amezitia dole gumba. Mwaka uliotangulia, mtu mmoja mpole mwenye viatu vinavyong'aa alimletea karatasi, akamwambia ni ya kuruhusu bomba la maji lipite. Akatia dole. Kumbe ile karatasi ilikuwa inatoa korongo lake lote, korongo walimochimba udongo mama yake na bibi yake. Tangu siku hiyo anachukua udongo mwendo wa saa nzima, na akipita korongoni kwake anageuza uso.

Wa pili ni Mwalimu Desderi, mwalimu wa kujitolea. Miaka sita anafundisha Lukundi bila cheti. Watoto wanampenda, lakini cheti ni cheti, na mwaka huo alikuwa ameambiwa wazi: ikifika Desemba huna karatasi, husimami tena mbele ya darasa.

Wa tatu ni Mwantumu, binti wa darasa la saba. Kichwa chake chepesi ajabu. Lakini sekondari iko mbali, mama yake hana uwezo, na mjomba wake amekwisha sema: akimaliza la saba atateremka bondeni kufukuza ndege kwenye mpunga. Na nyie mnajua, kwa Waluguru mjomba akisema amesema. Mjomba mwenyewe ni nani? Mzee Lukwele, yule yule wa ufunguo!

Haya. Mashindano miezi minne, kompyuta ndani ya sanduku, ufunguo bondeni. Watu wazima wakakunja mikono wakasema bahati mbaya.

Sikudhani hakukunja mikono. Akaenda nyumbani, akakanda udongo, akafumba macho, akakumbuka kidole chake kilipopita. Akafinyanga kibodi. Akaichoma. Akafinyanga nyingine. Watoto wa darasa la saba walikuwa thelathini na mmoja, akafinyanga thelathini na moja. Akazipanga kwenye matenga, akazibeba mpaka shuleni.

Mwalimu Desderi akachukua moja akaigeuza geuza. Akahesabu vitufe. Akahesabu tena.

"Mama Sikudhani, hakijakosekana hata kimoja! Lakini mbona ni vipofu? Herufi ziko wapi?"

"Herufi nazijua mimi, mwanangu? Ningezijua ningenyang'anywa korongo?" Kisha akamshika mwalimu kidole, akakipitisha juu ya udongo. "Ila pana vipele viwili, hapa na hapa. Hata ile kibodi ya kwenye sanduku inavyo. Sijui ni vya nini, nimeviweka vilivyo."

Mwalimu Desderi naye hakujua ni vya nini. Maana niwaambie ukweli, Mwalimu Desderi kompyuta alikuwa anaijua kwa kuisikia tu, kama sisi wengine.

Basi Ijumaa hiyo, vipindi vilipokwisha, akateremka mjini kwa miguu. Akaingia kwenye duka moja la kuchapa barua, akamwomba mama mchapaji: "Dada, nitafagia, nitabeba maboksi ya karatasi, nitachota maji. Wewe niache tu nisimame nyuma yako nitazame." Akatazama. Akaandika kwenye kaunta buku, lile daftari lake nene. Jumapili akapanda mlima. Ijumaa iliyofuata akateremka, Jumapili akapanda. Ijumaa kumi na sita! Viatu vikaisha, akavaa vya matairi.

Na Jumatatu anafundisha. Kwanza alijaribu kuandika herufi kwa chaki juu ya udongo, lakini kabla ya kipindi kuisha vidole vilikuwa vimeshazifuta. Akaacha. Akawafundisha herufi kwa mahali zinapokaa.

"Vidole vya shahada?"

"Kwenye vipele!"

"Macho?"

"Mbele!"

"Ukipoteza?"

"Hatulii, tunarudisha!"

Hicho cha kurudisha alijifunza kwa mama mchapaji: maneno yakikupotea yote kwenye kioo, kidole kidogo unakiweka kule pembeni chini, kingine kinabonyeza herufi ya karibu yake, na maneno yanarudi. Watoto walikifanya kwenye udongo mara mia, udongo usiorudisha kitu.

Na Mwantumu? Mwantumu alikuwa anachapa hata akiwa hana kibodi. Akibeba ndoo kichwani, vidole vinachapa kwenye ukingo wa ndoo. Akila ugali, vidole vya mkono wa kushoto vinachapa pajani. Mama yake akadhani mtoto ana kichaa. Alipochaguliwa kwenda mashindanoni, hakuna aliyeuliza kwa nini ni yeye.

Siku ikafika. Mwalimu na mwanafunzi wakateremka. Ukumbini palikuwa na meza sita, kompyuta sita, watoto sita. Watano walitoka shule zenye kompyuta, wamevaa soksi nyeupe. Mwantumu alikuwa na kandambili. Mmoja akamuuliza: "Nyie kwenu mnatumia kompyuta gani?"

"Za udongo," akajibu Mwantumu. Wakacheka mpaka wakashika matumbo.

Acha wacheke. Walimu wakatolewa nje, vitambaa vikafunuliwa. Lo! Kompyuta zile zilikuwa kuukuu, zimechapwa miaka na miaka mpaka herufi zote zimefutika. Vitufe vyeusi tii, kama masizi ya chungu. Mtoto mmoja akanyoosha mkono karibu alie: "Mama, hii yangu haina A."

"Yangu haina herufi hata moja," akasema mwingine.

Mama msimamizi akaona haya. "Wanangu, tuwieni radhi, hatukuzikagua. Mnaotaka tuahirishe mpaka mwezi ujao tupate nyingine, nyoosheni mikono. Lakini akibaki hata mmoja anayetaka kuendelea, sheria inasema tunaendelea."

Mikono mitano juu. Dirishani, Mwalimu Desderi naye akachungulia, akaona vitufe vyeusi, moyo ukampasuka. Akamwashiria Mwantumu: nyoosha! Nyoosha mkono, mwanangu, nyoosha!

Mwantumu akamwona mwalimu wake. Akayaona macho ya wale watano yanamsihi. Akajua pia kwamba kabla ya mwezi ujao darasa la saba litakuwa limekwisha, mpunga umeanza kuiva, na mjomba atakuja kumchukua akafukuze ndege. Akashusha macho, akaweka vidole kwenye kibodi, akapapasa. Kipele hiki. Kipele hiki.

"Mimi naandika," akasema.

Kazi ilikuwa kuandika barua kuhusu kijiji chako, nusu saa. Wenzake wakaanza kudonoa kitufe kimoja kimoja kama kuku, wanabonyeza hapa inatokea G, wanabonyeza pale inatokea alama ya kuuliza. Mwantumu macho mbele. *Kwa yeyote atakayesoma. Kwetu Lukundi tunayo kompyuta moja, inakaa ndani ya sanduku na inalindwa vizuri sana. Sijawahi kuigusa. Hii ndiyo ya kwanza kuigusa, na naona vitufe vyake vinazama ukivibonyeza, vya kwetu havizami.* Akaendelea kushuka, mstari baada ya mstari.

Akiwa karibu na mwisho, mtoto wa meza ya pembeni akapandwa na hasira, akasukuma kiti, kiti kikagonga meza ya Mwantumu. Mikono ikateleza. Karatasi yote kwenye kioo ikawa nyeupe pe! Hakuna hata nukta.

Msimamizi akashika mdomo. Dirishani mwalimu akafumba macho. Mwantumu machozi yakamjia mpaka hapa, hapa kabisa kwenye kope. Kisha wote wakamsikia akinong'ona: "Hatulii, tunarudisha." Kidole kidogo pembeni. Kingine karibu yake.

Maneno yakarudi yote! Akaongeza jina lake, jina la shule yake, akaweka nukta, akakunja mikono.

Nani kashinda? Mnaniuliza tena? Mwenzake aliyemkaribia alikuwa na mstari mmoja na nusu, na ule nusu haukusomeka! Lukundi! Lukundi imeshinda! Msimamizi akamkumbatia mtoto mpaka miwani ikamdondoka. Walipokuwa wanapanda mlima, habari ilikuwa imeshapanda kabla yao. Kijiji kizima kikateremka kuwalaki, wanawake na vigelegele, wanaume wanapokezana kumbeba Mwantumu mabegani, watoto thelathini wanachapa kibodi za udongo vifuani na kuimba "Hatulii, tunarudisha!" Mwalimu Desderi alilia waziwazi wala hakujificha. Sikudhani alicheza ngoma mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka, akakiacha huko huko chini.

Wiki hiyo hiyo Mzee Lukwele, bila kungoja mavuno, akapanda kutoka bondeni kumchukua mpwa wake, ufunguo shingoni. Akaenda na wenye funguo wenzake moja kwa moja kwenye sanduku mbele ya watu wote. Ta! Ta! Ta! Kompyuta hiyo, nzima, safi, haijaguswa na nzi. "Mnaona?" akasema kwa fahari. "Hakijapotea kitu." Watu wakacheka hadi wengine wakakaa chini.

Lakini kicheko kikakatika, kwa sababu mwenyekiti wa kijiji alitoa fomu. Kompyuta kumi zitakuja, hizo ni za wote, hazina ugomvi. Ila pana ile nafasi ya kusomeshwa. Fomu ina mstari mmoja, na kwenye mstari huo linaingia jina moja. "Anayedai, asimame aseme," mwenyekiti akatangaza.

Akasimama Sikudhani. "Kibodi nani alifinyanga? Mimi. Kama zingekuwa na herufi, watoto wangejifunza kwa macho, na siku ile wangelia kama wale wa soksi nyeupe. Vipele nani aliviweka? Mimi."

Mtu akamkatiza: "Lakini mama, herufi hukuziacha kwa akili. Uliziacha kwa sababu huzijui."

"Sizijui ndiyo," Sikudhani akajibu. "Hicho ndicho ninachokisema! Mmeshinda kwa kutojua kwangu. Basi na mimi nifutiwe huko kutojua. Nataka kusoma karatasi kabla sijaitia dole."

Wazee wakainamisha vichwa, maana wanalijua lile korongo.

Akasimama Mwalimu Desderi. "Mimi namheshimu mama. Lakini udongo ni udongo. Ungekaa hapa miaka kumi bila kumfundisha mtu hata herufi moja. Nani aliteremka Ijumaa kumi na sita? Vipele maana yake nani aliijua? Na kurudisha maneno yaliyopotea, mtoto alikuambieni ameota? Desemba naondolewa. Kompyuta kumi zinakuja, nani atazifundisha? Mnisomeshe mimi mmoja, niwasomeshe wote."

Mama Fidea akamwuliza: "Mwalimu, si ndiye wewe uliyemwashiria mtoto anyooshe mkono?"

"Ndiye mimi. Niliogopa, mama. Sikatai."

Akasimama Mwantumu. Akaamkia: "Shikamooni." Wakaitikia. Akasema kwa sauti ndogo, lakini ilisikika mpaka nyuma. "Mimi sikufinyanga. Mimi sikuteremka Ijumaa hata moja. Nilichokijua nilipewa na hawa. Lakini siku ile kwenye kiti kile hakuwepo mwalimu wala hakuwepo mama Sikudhani. Watano walisema tuahirishe. Mwalimu wangu alisema tuahirishe. Ningenyoosha mkono, leo msingekuwa na fomu ya kugombania. Wakubwa zangu, nina miaka kumi na nne. Sitaki kwenda kufukuza ndege."

Mama yake akaanza kulia kule nyuma.

Halafu, amini usiamini, akasimama Mzee Lukwele! "Na mimi nidai. Ningewaachia ufunguo, mngefungua sanduku. Watoto thelathini na mmoja wangegombea kompyuta moja yenye herufi zake. Nani angefikiria udongo? Kushinda kumetokana na mimi kukaa bondeni. Mimi ndiye wa kwanza!"

Watu wakampigia kelele, wengine wakamrushia maganda ya ndizi. Lakini kelele zilipotulia mtu mmoja akasema: "Ila kwa hilo la udongo, mzee kasema kweli."

"Kusoma mimi sitaki, nimezeeka," Mzee Lukwele akaongeza huku akikaa. "Nimesema tu mjue. Na mpwa wangu asipoandikwa kwenye hiyo fomu, Jumatatu tunateremka naye. Kauli yangu ni ile ile."

Wakabishana. Waliomtaka mfinyanzi wakakaa huku, waliomtaka mwalimu wakakaa huku, waliomtaka mtoto wakakaa kule. Wakahesabiwa, wakawa sawasawa. Wakahesabiwa tena, sawasawa. Mwenyekiti hakupiga kura, kalamu iko mkononi, na mtu aliyetumwa kutoka mjini kuchukua fomu anasubiri ateremke nayo.

Sasa nyinyi. Msiniambie wagawane, nimeshasema mstari ni mmoja. Msiniambie yupi anatia huruma zaidi, maana wote wanatia huruma. Niambieni Lukundi imeshinda kwa nani. Ukimwandika Sikudhani, Desemba darasa la kompyuta kumi halina mwalimu, na Jumatatu Mwantumu yuko kwenye mpunga anapiga makopo. Ukimwandika Desderi, aliyeshinda anafukuza ndege, na aliyefinyanga anaendelea kutia dole kwenye asichokijua. Ukimwandika Mwantumu, aliyempa kibodi na aliyempa herufi wanabaki wanampungia mkono njiani.

Mwenyekiti kachoka, kalamu anakupa wewe hapo unayejifanya hunisikii. Ishike. Unaandika jina la nani?